Magoti ya Mpiga Ngoma

Walisema sitaweza. Nilipoondoka Soweto West, pale Kibera, kwenda nchi za Ghuba kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, walisema nitarudi na redio na kikohozi. Niliporudi na kutangaza kwamba nakwenda chuo kusomea dawa, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanapeleka watoto shule, walisema sitamaliza muhula. Nilipomaliza na kufungua duka langu la dawa kule Kawangware, walisema halitaona Krismasi. Limeona Krismasi nyingi. Diploma yangu inaning'inia nyuma ya kaunta ndani ya fremu ya kioo, na kila asubuhi naipangusa vumbi kabla ya kuwasha taa. Sikubebwa na mtu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu waliosema sitaweza bado wako hai na wengine wao ni wateja wangu.

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mpiga ngoma. Chumba chao na chetu vilitenganishwa na bati moja tu. Siku niliyokwenda kumuaga alikuwa nje anagonga jiko, na hakuinua kichwa.

“Wewe Mkamba,” alisema, “utaenda, jua litakuchoma, utarudi. Na ukirudi usituletee stori. Leta viatu.”

Watu walicheka. Mama yangu, aliyekuwa mlangoni anachambua muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, alicheka pia, na hilo ndilo lililoniuma. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba huyu alikuwa mtu asiyeweza kukubariki kabla hajakutukana. Kesho yake mkanda wa begi langu ulipokatika nikiwa bado kichochoroni, ni yeye aliyeufunga kwa waya wa shaba, kimya, bila hata kuniangalia. Waya ule ulifika Ghuba na ukarudi nyumbani ukiwa mzima.

Jina lake silitaji. Wengi mtaani hawakulijua, na waliolijua hawakulitumia. Siku za kazi alikuwa fundi wa majiko. Jumapili alikuwa mpiga ngoma wa kanisa lao la kanzu nyeupe, moja ya yale makanisa yaliyokuja na watu wa ziwani, yasiyo na jengo kubwa lakini yenye sauti kubwa. Ngoma ililishinda jiko. Hata mteja aliyekuja kutafuta jiko aliuliza, “Mpiga ngoma yuko?”

Asiyewahi kuona msafara wao wa Jumapili hawezi kuelewa habari ya magoti yake. Bendera hutangulia, nyuma ya bendera ngoma, nyuma ya ngoma akina mama wa kuimba, kisha kanisa zima. Wanapita vichochoro vya Soweto West, wanaruka mitaro, wanatokea barabarani, wanazunguka, wanarudi. Sasa, mpiga ngoma hatembei tu. Kwa kila pigo kubwa hukunja magoti, akashuka kidogo, akainuka. Na msafara wote nyuma yake hushuka na kuinuka naye. Tena hutembea miguu mitupu, kwa maana ngoma yao haibebwi na mtu aliyevaa viatu. Mpiga ngoma akishuka vizuri, wote wanashuka vizuri. Akiwa mkavu, msafara wote unakauka, na watu walioketi milangoni wanaona. Nimefanya kazi na wakubwa waliokuwa wakiongoza watu kwa kengele, kwa barua na kwa kelele. Yeye peke yake ndiye niliyemwona akiongoza watu kwa magoti.

Na hayo magoti hayakupumzika siku nyingine. Alifanya kazi ameketi kwenye kigoda kifupi, bati limebanwa kati ya nyayo, magoti yamepanda karibu na masikio. Aliinuka kwa kushika ukuta, na kabla ya kuchukua hatua ya kwanza alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Hakuwa amesahau. Alikuwa anasubiri magoti yakubali.

Ukimwambia pole, alikujibu, “Pole ya nini? Nimefiwa?” Ukimuuliza yanaumaje, alisema maumivu ni kama mwenye nyumba: hata ukimlipa leo, mwezi ukiisha atabisha. Alikuwa na semi nyingi za aina hiyo, na nyingi alizitunga mwenyewe papo hapo, kisha akadai ni za babu yake. Alipenda ukweli kwenye kazi. Jiko lililopasuka udongo baada ya mteja kufika nalo nyumbani alilirudisha na kutoa jingine bila mabishano. Lakini juu ya mwili wake alidanganya kila siku. Mke wake, mwanamke mpole aliyekaanga omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba, aliniambia, “Huyu mzee hata akianguka atasema alikuwa anaokota kitu.”

Kuhusu dawa alikuwa na falsafa yake. Mara ya kwanza kunitembelea dukani, kabla mambo hayajaharibika, alisimama mbele ya kaunta akashika kidonge kati ya vidole vyake vyeusi vya masizi.

“Hebu niambie, daktari.” Mimi si daktari na nimemwambia hivyo mara nyingi, lakini alilitumia neno hilo kama mtu anayerusha jiwe kwenye mti aone kama kuna ndege. “Hiki kitu ni kidogo hivi. Mwili ni mkubwa hivi. Kitajuaje goti liko wapi?”

“Hakijui, Mzee. Kinaingia kwenye damu, damu inazunguka mwili wote.”

“Basi kinaenda hadi kwa kichwa?”

“Kinafika.”

“Na kichwa haina shida. Unaona sasa? Nyinyi mnapiga kijiji kizima kwa sababu ya mwizi mmoja.” Akakirudisha kidonge kwenye kaunta. “Halafu wewe ni Mkamba. Watu wenu wana dawa ya mapenzi, dawa ya wizi, dawa ya mvua. Ya goti mlikosa aje?”

Wateja waliokuwa kwenye foleni walicheka hadi mmoja akasahau alichofuata.

Yeye aliamini kwamba mafuta yalikuwa yameisha. Hilo Nairobi nzima inaliamini: goti ni bawaba, bawaba ina mafuta, mafuta yakikauka inalia. Kwa hiyo alikunywa supu ya kwato za ng'ombe asubuhi, nzito hadi kijiko kinasimama, akidhani inateremka moja kwa moja hadi magotini. Nilimweleza nilivyofundishwa na ninavyowaeleza wote: kwamba ncha za mifupa zimevikwa gegedu, kitu laini na kigumu kwa pamoja, na kwamba gegedu huliwa na miaka, uzito na kazi, kama soli ya kiatu. Soli iliyolika haioti tena, lakini mtu anaweza kujifunza kukitembelea kiatu kile polepole, kikamfikisha mbali. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema supu aliyokunywa asubuhi ilikuwa tamu sana.

Mwishowe alikubali kitu kimoja tu, viatu. Tulikwenda pamoja Soko la Toi nikamchagulia raba za mtumba zenye soli nene. Alizivaa pale pale akatembea kati ya mafungu ya nguo kama mtu anayepima sakafu. “Hizi zinabembeleza,” alisema. Alizivaa Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili alizivua.

Nafika sasa kwenye poda, na nachoka hata kabla sijaanza kuieleza, kwa sababu kwenye kazi yangu nimeieleza mara nyingi mno na bado inauzwa.

Kulikuwa na mtu aliyepita mitaani na kipaza sauti, akiuza poda ya kahawia ndani ya vikopo. Dawa ya miguu, mgongo, kiuno, presha na nuksi. Ya miti shamba, alisema, haina kemikali. Mpiga ngoma, ambaye hakuamini kidonge kwa sababu ni kidogo, aliamini poda kwa sababu ina rangi ya udongo. Akawa anaikoroga kwenye chai. Baada ya siku chache aliinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta.

Nilikuwa nimekwenda kumwona mama yangu nikamkuta mpiga ngoma anavuka mtaro kwa kuruka. Kuruka! Aliniona nimeduwaa.

“Diploma imesemaje?” aliniuliza, akaenda zake akicheka.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Mama yangu alikuwapo, maana walimwalika, na ndiye aliyenisimulia. Mzee alisema miaka mingi alikuwa amefungwa magoti na sasa yamefunguliwa. Aliweka mikono kiunoni akachuchumaa mbele ya watu wote, akainuka, akachuchumaa tena. Akina mama walipiga vigelegele hadi bati likatetemeka. Mchungaji alilia. Na msafara wa siku ile, mama aliniambia, ulishuka chini hadi kanzu zikagusa vumbi.

Katika makanisa kama lile, ushuhuda ukishatoka mdomoni ni mali ya kanisa zima. Watu wanauimba. Wanausimulia mazishini. Wanaushika siku wanapokuwa na shida zao. Na mwenye poda hakuwa mjinga. Wiki ile ile kipaza sauti chake kikaanza kusema, “Kama hamniamini mimi, muulizeni mpiga ngoma!” Wakamuuliza. Akawaambia. Mstari mzima wa akina mama wa kuimba ukanunua, na wengine wengi waliokuwa na kiuno, mgongo, au jamaa mwenye kiuno.

Yeye mwenyewe akaanza kunenepa. Uso ukawa mviringo, mashavu yakang'aa. Pale kwetu uso ukinenepa watu hawasemi unaumwa, wanakupongeza. “Mzee, maisha imekubali!” walimwambia. “Mama omena anakulisha nini?” Mke wake alitembea kifua mbele. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini uso unanenepa na miguu inakonda.

Siku moja, mchana wa jua kali, akaingia dukani kwangu Kawangware. Alikuwa amekuja kwa mguu kutoka Kibera. Alisubiri wateja wote waondoke, akijifanya anasoma matangazo ya dawa za meno ukutani. Kibera kuna maduka ya dawa kila kona, na nilielewa bila kuambiwa kwa nini ameyapita yote. Kule kila kona kuna mtu wa kanisa lake.

“Yameanza tena,” alisema.

“Magoti?”

“Usitaje kwa sauti.”

Nilifunga nusu ya mlango nikamketisha. Nilimwangalia kama nilivyofundishwa kumwangalia mtu. Uso kama mwezi. Ngozi ya mikono imekuwa nyembamba, ina mabaka ya zambarau. Vifundo vya miguu vimevimba. Nilibonyeza kidole, shimo likabaki.

“Haya mabaka ni ya nini?”

“Ya kugonga bati. Kazi ni kazi.”

“Na tumbo?”

Alirudi kusoma matangazo ya ukutani.

“Mzee, tumbo?”

“Linachoma. Na choo...” Aliangalia mlangoni. “Choo kimekuwa cheusi. Kama lami.”

Nilijua pale pale, na nasema bila aibu kwamba nilijua kabla ya hospitali kujua. Ndani ya ile poda ya miti shamba mtu alikuwa amesaga steroidi, na kwa dalili za tumbo alikuwa amesaga na diklo pia, dawa kali ya maumivu, au kitu cha jamii yake. Steroidi inazima maumivu kama mtu anayezima taa. Unadhani nyumba imetengenezwa, kumbe huoni tu ufa. Na yeye, poda ilipoanza kumchoka, alikuwa ameongeza vijiko, kisha akaongeza vidonge vya kununua kibandani juu yake. Tumbo lilikuwa linavuja damu.

Nilimwambia yote. Nilimwambia na jambo ambalo wengi hawalijui: asiiache ghafla. Mwili uliozoea kuletewa steroidi kutoka nje huacha kutengeneza yake. Ukiikata siku moja, mtu anaweza kuanguka asiamke. Ni lazima aende hospitali, wapunguze kidogo kidogo, na watibu tumbo.

“Hospitali,” alisema. “Na nikiulizwa na watu?”

“Sema unaumwa.”

“Mimi? Nilisimama mbele ya kanisa nikachuchumaa. Ushuhuda si shati, eti leo uvae kesho uvue.”

“Basi utazikwa nao.”

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo mtu wa umri wake, na sidhani kama yeye alikuwa amewahi kujibiwa. “Wewe Mkamba,” alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, “funga duka basi, tuende.”

Nililifunga. Kwenye hospitali ya serikali tulikaa kwenye benchi hadi mgongo wangu mwenyewe ukalia. Daktari alisema yale yale niliyosema, kwa maneno marefu zaidi. Wakamlaza siku kadhaa, wakalituliza tumbo, wakampa vidonge vya steroidi apunguze polepole. Mtaani mke wake alisema amekwenda nyumbani ziwani kuona shamba.

Poda ilipotoka mwilini, magoti yalirudi. Hayakurudi kama yalivyokuwa. Yalirudi na hasira. Wale wanaoandika habari za tiba hupenda kusimulia siku mgonjwa anapoamka mzima. Mimi sina siku hiyo ya kusimulia. Nina miezi ya kujaribu hiki, kuacha kile, na mzee aliyekuwa akija Kawangware akiwa amechoka, akiondoka uchovu umepungua kidogo.

Vidonge vya jamii ya diklo havikumfaa tena kwa sababu ya tumbo. Tukaanza na parasetamoli, na nilimfundisha kuimeza kabla ya mwendo, si baada ya maumivu kushika, na asizidishe hata kama goti linamtukana. Alisema haifanyi kitu. Nikamwambia inafanya kidogo. “Kidogo napata hata kwa kulala,” alijibu. Nikaongeza jeli ya kupaka, kwa kuwa jeli inafanya kazi pale pale kwenye goti na tumboni inafika kidogo sana. Hii aliielewa mara moja. Hatimaye dawa inayojua goti liko wapi! Shida ilikuwa harufu. Alisema inanuka hospitali na Mchungaji ana pua. Mke wake akawa anampaka huku omena ikikaanga, na harufu ya jeli ikazikwa ndani ya harufu ya omena.

Halafu mazoezi. Nilimwambia misuli ya paja ndiyo inayolishika goti; paja likilegea goti linabeba peke yake. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, aushikilie juu, aushushe taratibu. Alidhani namdhihaki.

“Nishikilie mpaka lini?”

“Imba ubeti mmoja.”

“Upi? Kuna mirefu.”

“Chagua mwenyewe.”

Alichagua mfupi, mwongo yule. Lakini baada ya muda mke wake aliniambia amehamia kwenye ule mrefu.

Kigoda kilikuwa vita kubwa kuliko zote. Fundi wa majiko hukaa chini. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo walivyokaa wote kwenye ile safu. Kukaa juu ni kukiri. Nilimwambia achague kati ya kukiri na kutambaa. Siku nilipopita nikakuta ameunda meza ya chuma, ameketi kwenye kiti kirefu, bati liko usawa wa kifua, na fundi jirani anamwita “meneja.” Aligonga bila kumjibu. Aligonga vizuri kuliko zamani, nadhani, kwa sababu mkono haukuwa tena na kazi ya kumwinua.

Fimbo aliikubali ya mwisho, na aliibeba mkono wa kulia kwa goti la kushoto kama nilivyomwelekeza. Mtaani alisema ni ya mbwa.

Maumivu hayakuisha. Yalishuka hadi mahali ambapo mtu anaweza kuishi nayo akiwa na adabu. Nimeuza dawa miaka mingi na sijui ahadi kubwa kuliko hiyo kwa goti lililolika.

Kulikuwa kumebaki jambo moja, na tulilijua wote wawili. Nililisema siku moja anavaa raba zake dukani.

“Wale wengine bado wanakoroga ile poda, Mzee.”

“Nani amekuambia?”

“Kipaza sauti bado kinataja ngoma yako.”

Alifunga kamba za viatu polepole sana. “Wakiniuliza nitawaambia.”

“Hawatakuuliza. Uliwajibu tayari.”

Aliondoka bila kuaga. Hakuja tena kwa wiki nyingi. Nilisikia kwamba ngoma ameirudia, kwamba haendi mwendo wote, kwamba anasingizia kifua. Nilidhani nimempoteza mteja, na mzee.

Mama yangu siku hizi anaishi kwenye ghorofa za Soweto East, penye bomba ndani ya nyumba na choo kinachofungwa mlango. Nilimhamisha mimi, kwa jasho langu, na sioni kwa nini nisiseme. Jumapili moja alasiri nilikuwa napanda kwenda kumsalimu nikasikia fimbo inagonga ngazi juu yangu. Nikamkuta mpiga ngoma ameegemea ukuta, kanzu nyeupe imelowa jasho mgongoni, raba miguuni. Mguu wenye nafuu ulipanda kwanza, mbaya ukafuata.

“Nyumba ya ngapi?” nilimuuliza, ingawa sikujua nauliza nini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebisha milango mingi.

“Ya mwisho. Nilianza kanisani.”

Akapumua, akanieleza hapo hapo kwenye ngazi. Wiki iliyopita alimwona mama wa uji, yule anayeuza uji pale chini asubuhi na kuimba safu ya mbele. Watu walikuwa wanampongeza kwa kunona. “Niliona uso wangu umekaa kwa shingo yake,” alisema. Leo asubuhi, wakati wa ushuhuda, alisimama akasema hakupona. Alisema poda ilimdanganya na yeye akawadanganya wao. Alisema anameza dawa na anapaka jeli. Mtu mmoja nyuma alisema huyo amekosa imani. Mchungaji alisema tuombe, na baada ya maombi ngoma ikapewa mtu mwingine. Basi yeye akatoka, akaanza kupita kwa kila mtu aliyenunua poda kwa neno lake. Wote. Soweto West yote, na sasa huku. Wengine walimshukuru, wengine walimfungia mlango, mmoja alimmwagia maji ya vyombo.

“Hawa walinikopesha masikio,” alisema. “Nilikula. Sasa nalipa.”

Nilimpa mkono. Hakuuchukua. Tulipanda.

Mama wa uji alifungua mlango, uso mviringo, unang'aa, mtandio wa kanisa bado kichwani.

“Nilijua utakuja,” alisema. “Umekuja kuninyang'anya.”

“Nimekuja kukuambia uliyoyasikia.”

“Nilisikia. Ulichuchumaa mbele yangu, mzee! Mimi nilitoa machozi. Nilirudi hapa nikaruka hizi ngazi kama msichana. Sasa unataka nini? Wewe hukupona, sawa. Mimi nimepona.”

“Nionyeshe mikono.”

“Ya nini?”

“Onyesha tu.”

Aliitoa, kwa dharau. Mabaka ya zambarau yalipanda hadi kiwikoni.

“Hii ni kugonga sufuria,” alisema.

“Mimi nilisema ni kugonga bati.”

Mama wa uji aliangalia mikono yake kama ni ya mtu mwingine aliyeisahau pale. Kwenye veranda ya pembeni wanawake waliokuwa wanaanika nguo walikuwa wameacha kuanika.

“Nikiacha,” aliuliza, “magoti?”

“Yatarudi.”

“Yote?”

“Yote. Na usiache leo. Ukikata ghafla utaanguka. Huyu hapa amesomea, atakueleza.”

Nilimweleza, polepole, kwa maneno mepesi: aende hospitali kesho asubuhi, abebe kopo la poda mkononi awaonyeshe, asione haya. Aliniahidi kwa kichwa. Kisha akamgeukia mzee.

“Na hizo za hospitali? Zimekusaidia?”

Mpiga ngoma alifikiri. Ningependa kusema aliniangalia, lakini hakuniangalia.

“Kidogo,” alisema.

“Kidogo tu?”

“Kidogo ndiyo iko, mama.”

Alimwomba maji. Akatoa vidonge vyake mfukoni mwa kanzu, akavimeza pale mlangoni, wanawake wa nguo wakimtazama, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Mama wa uji aliingia ndani akarudi na kopo la poda, akanikabidhi mimi nilishike kana kwamba lina moto, kisha akaleta viti viwili, akaviweka kwenye veranda. Walikaa taratibu, kila mmoja kwa namna yake. Wakaanza kulinganisha: la kulia au la kushoto, asubuhi au jioni, kupanda au kushuka. Nilisimama na kopo lake, la kuonyeshwa hospitali kesho, nikisubiri wamalize nimrudishie. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka.